"Mungoje tu" si jibu

Nyankunde, teritori ya Irumu, Ituri

Wananchi wenzetu wa Ituri, ndugu wasafiri, na ninyi wakubwa mnaosoma maandiko yetu usiku kwa kificho,

Sisi tunaoandika hapa ni vijana wa Nyankunde. Wengi wetu tuna lisansi ndani ya kabati na hatuna kazi. Kitu tulicho nacho kwa wingi ni wakati, na kwa sababu tuna wakati, watu wanatutuma: msindikize mama huyu, beba mzigo wa papa yule, enda uulize kama ndege inaruka kesho. Kwa hiyo jambo la leo hatukulisikia redioni. Tumelisimamia kwa miguu yetu wenyewe, masaa na masaa, mbele ya meza isiyokuwa na mtu.

Jambo lenyewe ni hiyo meza. Meza ya habari pale kwenye kiwanja cha ndege, pale aviasioni kama tunavyosema. Meza ambayo msafiri anaenda kuuliza ndege yake iko wapi.

Tunajua wengine wameanza kucheka. Eti watu wanakufa Djugu, watu wanakufa Irumu, tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège na hatujaona mwisho wake, na hawa vijana wanatuandikia juu ya meza! Ndiyo, juu ya meza. Mtupe dakika kumi, halafu mcheke.

Kuna mama mmoja wa hapa kwetu. Jina lake hatulitaji kwa sababu hakutuomba tumtangaze. Mtoto wake wa miaka tisa ana shida ya moyo. Daktari alimwandikia barua ya kumpeleka kwa mtaalamu Kinshasa, siku ya Alhamisi saa tatu ya asubuhi. Barua ya namna hiyo ni dhahabu, na watu wa Ituri tunajua dhahabu ni nini. Tiketi haikununuliwa na mtu mmoja. Kanisa lilichanga. Likelemba ya wamama wa soko ilimpa zamu yake kabla ya wakati. Mjomba wa mtoto aliuza ng'ombe. Kwa bei za huku, safari moja ya ndani ya nchi inameza ng'ombe mzima na bado inalamba midomo.

Kampuni ya ndege hatuitaji, na kiwanja hatukitaji, zaidi ya kusema kwamba ni cha huku mashariki. Si woga. Tukitaja kimoja, vingine vyote vitapumua na kusema: aa, si sisi.

Ndege ilikuwa ya Jumanne, saa nne ya asubuhi. Tulitoka Nyankunde Jumatatu mchana, maana kwenye barabara zetu hakuna mwenye akili anayesafiri gizani. Wawili wetu tuliwasindikiza. Tukalala kwa shangazi ya mama, watu saba katika chumba kimoja, na Jumanne saa kumi na mbili tulikuwa tayari mlangoni pa kiwanja, mtoto amevaa koti ya kanisani.

Gishe ya kulipa ilikuwa na mtu. Tunaomba mlisikie vizuri hilo. Pale panapokatwa Go-Pass, ile kodi ya msafiri iliyoanza 2009 kwa dola 10 safari ya ndani na dola 50 safari ya nje, tukaambiwa ni ya kujenga na kutengeneza viwanja vyetu, pale kulikuwa na mtu, na kalamu, na muhuri, na mwangaza wa taa. Alikuwa mwepesi kweli kweli. Hatukungoja hata dakika tano. Hatua kumi kutoka pale kulikuwa na meza nyingine yenye maandishi ya kusema ni ya habari. Juu yake chupa tupu ya maji. Nyuma yake kiti. Juu ya kiti, hakuna mtu.

Saa nne ikafika, ndege hakuna. Saa tano. Saa sita. Mtu mmoja mwenye fulana ya rangi ya njano akapita, mmoja wetu akamfuata.

"Mukubwa, samahani, ndege ya Kinshasa itakuya saa ngapi?"

"Mungoje tu."

"Tungoje mpaka saa ngapi?"

"Mungoje tu, nimesema."

Akaenda. Yule mama hakuwa ameenda chooni tangu alfajiri. Tulimwambia: mama enda, sisi tunabaki na mtoto. Akakataa. Aliogopa kwamba wataita jina lake akiwa huko na mlango utafungwa. Mtoto akalala chini, kwenye simenti, kichwa juu ya mfuko wa mandazi. Mara moja kipaza sauti kilisema kitu, kwa Kifaransa cha haraka, chenye kukwaruza, na watu wote wakasimama. Ilikuwa ni gari lililoegeshwa vibaya.

Saa nane, kijana mmoja wa rika letu akatukaribia. Shati safi, kadi shingoni ambayo hatukuweza kuisoma. Ni protokoli. Mnawajua: wale wanaokubebea pasi na mizigo, wanaojua kila mlango na kila jina. Akamwambia mama kwa sauti ya chini: "Mama, nipe dola tano, nitakuulizia."

Dola tano zikatoka kwenye fundo la kitenge. Kijana akaingia mlango wa nyuma. Hakukaa hata dakika tatu. Akarudi akasema safari imesogezwa. Ndege iko na shida ya kifaa, itaruka kesho, labda kesho kutwa. Tukamwuliza wamejua tangu lini. Akashangaa kwamba hatujui.

"Tangu jana jioni."

Tangu jana jioni! Namba ya simu ya mama imeandikwa juu ya tiketi. Tuliitoa tukaiangalia: imeandikwa, tarakimu zote. Jumatatu jioni, tulipokuwa kwa shangazi tukipiga pasi koti ya mtoto, kuna biro ambamo watu walijua kwamba Jumanne hakuna ndege. Walijua saa kumi na mbili tulipofika. Walijua tulipolipa. Yule wa fulana ya njano, huenda alijua naye, huenda hakujua, na hatujui lipi ni baya zaidi.

Ndege iliruka Alhamisi, saa sita na kitu. Saa ambayo mtaalamu wa Kinshasa alikuwa amekwisha kuita jina la mtoto na kupita kwa anayefuata. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tano. Wiki tano za kukaa kwa ndugu, kula kwa ndugu, na kuaibika kwa ndugu. Mtoto yuko, anasoma, Mungu asifiwe. Hatutawasimulia kilio ambacho hakikutokea. Lakini wiki zile tano hakuna aliyezilipa, na zile dola tano zilikuwa ndizo fedha pekee katika safari nzima zilizonunua kitu kamili.

Sasa tuseme ukweli wetu. Hatukukasirika kwa sababu ndege iliharibika. Ndege ni chuma. Chuma kinaharibika, na tunapendelea kiharibikie chini kuliko kiharibikie juu. Wingu likishuka juu ya milima, rubani asiruke, tunamshukuru. Mafuta yakikosa kufika, tunaelewa. Sisi tunaoishi mahali ambapo hata chumvi inachelewa, tutashindwaje kuelewa? Kilichotukasirisha ni kwamba habari ilikuwepo, ilikuwa imekamilika, ilikuwa ndani ya jengo lile lile tuliloketi, na hakuna aliyeona kwamba tunadaiwa habari hiyo.

Mmoja wetu aliandika kazi yake ya mwisho ya chuo juu ya huduma kwa wateja. Alipata distinction. Leo anauza yuniti za simu chini ya mwamvuli, na mwamvuli wenyewe ni wa kuazima. Tulipomsimulia mambo haya alifungua daftari lake kama pasta anayefungua Biblia. Akatueleza kwamba mwaka 1985 mwalimu mmoja aliyefundisha chuo Marekani, David Maister, aliandika juu ya watu wanavyongoja. Alionyesha kwamba dakika za saa na dakika za moyo si moja. Kungoja bila kujua mpaka lini ni kurefu kuliko kungoja ukijua mwisho wake. Kungoja bila kuelezwa sababu ni kurefu kuliko kungoja ukielezwa. Mwenye wasiwasi anaona dakika kumi kama saa nzima, na anayeona wengine wanatendewa vizuri kuliko yeye anachemka.

Halafu mwaka 1988 wakaja wengine watatu, Parasuraman, Zeithaml na Berry, wakatengeneza kipimo cha huduma ambacho mpaka leo wanafunzi wa menejimenti dunia nzima wanakikariri. Kwa ufupi wanauliza: je, ulichoahidi ulikitenda? Ulijibu haraka? Aliyejibu anajua kazi yake na anaaminika? Alimwona mteja kama mtu? Na mahali penyewe panaonekanaje? Angalieni kwamba mambo ya majengo, vioo na viti ni swali moja tu kati ya matano. Mengine manne ni mtu. Ni kinywa cha mtu na masikio ya mtu. Hapa kwetu kila mara tukizungumza juu ya viwanja vya ndege, wakubwa wanatuonyesha picha: jengo jipya litakuwa hivi, lami itakuwa hivi. Vizuri, wajenge. Lakini meza ile tuliyoikuta ilikuwa imekwisha kujengwa. Ilikosa mtu.

Tena hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Turudi hapa Nyankunde.

Kijiji chetu kinajua ndege kuliko miji mingi. Tangu miaka ya 1960, Dkt. Carl Becker na wenzake walipoanzisha kituo kikubwa cha matibabu hapa, ndege ndogo za MAF zilikuwa zikishuka kwenye uwanja wetu, zikileta wagonjwa kutoka vituo vya msituni, zikipeleka dawa na waganga. Wazee wetu wanatusimulia. Hakukuwa na gishe, hakukuwa na kioo, hakukuwa na kiyoyozi. Kulikuwa na phonie. Asubuhi mwenye phonie aliongea na upande wa pili, akatoka nje, akawaambia watu waliokaa chini ya mti: leo inakuja. Au: leo haiji, kule kuna mawingu, rudini nyumbani mkale. Mtu aliyekuja na mgonjwa kwenye tipoi alijua afanye nini na siku yake. Hakuna aliyetoa makuta ili aambiwe. Na aliambiwa kwa lugha yake.

Tarehe 5 Septemba 2002 kituo kile kilishambuliwa. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa hapa Nyankunde, wengine juu ya vitanda vya hospitali, na waliobaki wakatembea kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Sisi wa umri huu tulizaliwa karibu na siku zile, wengine tukiwa mgongoni mwa mama. Hatulitaji jambo hilo kwa kupamba maandishi. Tunalitaja kwa sababu kuna watu wanaofikiri kwamba huduma nzuri ni kitu cha nchi tajiri, kwamba watu wa vita waridhike na chochote. Watu wa phonie hawakuwa matajiri. Walikuwa na redio moja na adabu.

Sasa turudi kwa yule anayecheka, anayesema usalama kwanza. Ndugu, tunazungumza juu ya usalama. Fikiri barabara ya taifa namba 27, kutoka Komanda kuja Bunia. Fikiri anayetoka Marabo, Nyankunde au mbali zaidi. Kwa nini mtu maskini anapanda ndege siku hizi? Kwa raha? Anapanda kwa sababu barabara inaua. Na ili afikie ndege, inabidi kwanza apite hiyo hiyo barabara, na barieri zake, na bahati yake. Akiambiwa saa mbili ya asubuhi kwamba leo hakuna ndege, anaweza kurudi kwao jua likiwa bado juu. Akiambiwa saa kumi na moja ya jioni, anabaki na mambo mawili: kulala pale nje bila fedha, au kumtafuta motari atakayekubali kupita gizani. Tunawajua vijana waliokubali kupita gizani. Masaa tisa hayo ya ukimya yanapimwa kwa kilomita za giza. Kwa hiyo msituambie meza ya habari ni anasa. Kwa mtu wa Irumu ni sehemu ya ulinzi, na haihitaji hata risasi moja.

Na haja inaongezeka. Baada ya Goma kuchukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, kiwanja chake kilifungwa kwa wasafiri, na watu waliokuwa wakipita kule wakaanza kuzunguka kwingine. Mwenye kuzunguka ni mgeni. Hajui nani anakaa wapi, hana namba ya shefu yeyote, hajui kwamba pale kituo hiki ndege ya saa nne maana yake ni saa nane. Mgeni ndiye anayeihitaji meza kuliko wote, na ndiye anayeliwa wa kwanza.

Analiwa na nani? Hapa itabidi tujikune mahali panapouma.

Wale maprotokoli ni sisi. Si wageni kutoka mwezini. Wawili katika kundi letu wamefanya kazi hiyo, mmoja miezi minne, mmoja karibu mwaka. Aliyefanya mwaka alitueleza bila kuficha: siku meza ya habari iko na mtu anayejibu, mimi narudi nyumbani bila kitu. Siku meza iko tupu, nakula nyama. Basi mnaona jinsi soko lilivyokaa. Ukimya wa meza ni mtaji. Anayejua ndani anamwambia kijana wa nje, kijana anauza, wanagawana. Tena kijana hana hata kosa la kusema uongo. Yeye katika jengo lote ndiye pekee anayesema kweli, ila anaisema kwa bei. Hatumlaani. Tuna diploma kama yake na njaa kama yake. Lakini hatutakubali kwamba njia ya kijana wa Ituri kupata chakula iwe ni kuuza kwa mama maskini kitu ambacho mama amekwisha kukilipia. Kama kazi ya kuuliza na kujibu ipo, na ipo, mnaiona, basi iwe kazi: yenye mkataba, yenye mshahara, yenye kiti kile kile kilichobaki kitupu.

Na yule anayepaswa kuketi pale? Tusimwonee naye. Katika nchi hii wafanyakazi wengi wa serikali wanapita miezi bila kuona mshahara. Na hata anayelipwa, je, anaambiwa? Tulipouliza kwa upole, siku nyingine, mahali pengine, dada mmoja wa gishe alitujibu hivi: "Kaka zangu, mimi nakimbia hapo juu ya meza kwa sababu wananitukana, na mimi mwenyewe sijui kitu. Kampuni hainiambii." Tukanyamaza. Alikuwa na haki. Umemweka binti mbele ya watu mia waliochoka, umempa fulana, hukumpa habari. Hiyo si kazi, ni kumweka awe ngao. Kwa hiyo tunaposema meza ya habari hatumaanishi binti wa kutabasamu. Tunamaanisha kwamba biro inayojua iwe na lazima ya kumwambia, kwa simu, mara inapojua, si baada ya wakubwa kula.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana linatuchoma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha kwanza, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Sasa weka vifungu hivyo viwili pamoja, uviweke mbele ya yule mama. Anasema Kibira nyumbani na Kiswahili sokoni. Kipaza sauti kinamwambia Kifaransa cha kukwaruza. Askari anamwambia Kilingala. Kiswahili, ambacho kila mtu ndani ya jengo lile anakitumia kununua mandazi, kinasikika tu kinywani mwa anayetaka dola tano. Hatukatai Kifaransa, tumekisomea miaka kumi na saba. Lakini tangazo likisomwa kwa Kiswahili baada ya Kifaransa litachukua sekunde ishirini. Nani amekosa sekunde ishirini?

Watatuambia: Ulaya ni Ulaya, msijilinganishe. Hatujilinganishi kwa majivuno, tunataka tu mjue inavyowezekana. Kule kuna sheria, namba 261 ya mwaka 2004. Safari ikifutwa au ikichelewa sana, kampuni inapaswa kumpa msafiri karatasi yenye haki zake, chakula, mahali pa kulala ikibidi, na njia ya kupiga simu. Na mara nyingine fidia ya kati ya euro 250 na 600. Tena mahali pa kuandikisha safari pabandikwe tangazo la kumwambia msafiri kwamba ana haki ya kuiomba karatasi hiyo. Yaani walijua kwamba haki isiyoandikwa mahali inapoonekana, mtu ataifanya biashara. Ni Ulaya hiyo hiyo ambayo imeziweka kampuni zote zenye leseni ya Kongo kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka kwake. Wakubwa wetu wanapiga kelele juu ya orodha hiyo, wanasema ni kutuonea. Sawa, injini ni kazi ndefu, ukaguzi ni kazi ndefu. Lakini kumwambia mama "ndege yako haiji leo, ni kwa sababu hii, piga simu kwa daktari wako ubadilishe siku" hakuhitaji ruhusa ya Brussels.

Basi tunaomba. Tunasema tunaomba kwa heshima, lakini msidhani ni kusihi.

Kwa kampuni za ndege: namba ya msafiri mliyoiandika juu ya tiketi, itumieni. Mkijua jioni, pigeni jioni, au tumeni ujumbe. Kama bei ya ujumbe inawashinda, semeni wazi, tutachanga kwenye likelemba.

Kwa wenye kusimamia viwanja: meza ya habari ifunguliwe saa ile ile inayofunguliwa gishe ya kulipa, na ifungwe baada ya msafiri wa mwisho kuondoka, si kabla. Hili ndilo letu la kwanza, na kama mtatupa moja tu, tupeni hili. Siku meza ya habari haina mtu, gishe ya Go-Pass nayo isikate hata karatasi moja. Mtaona jinsi mtu atakavyopatikana haraka. Pawepo ubao, hata wa chaki, wenye kuonyesha kila safari, saa iliyoahidiwa, saa ya kweli na sababu. Uandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa, na abadilishe mtu kila saa, hata kama la kuandika ni "bado hatujui, tutawaambia tena saa sita". Neno hilo, bado hatujui, msidhani tutawadharau mkilisema. Maister wa yule rafiki yetu angelipigia makofi. Na mgonjwa mwenye barua ya hospitali aulizwe wa kwanza na aambiwe wa kwanza.

Kwa wizara ya uchukuzi: mwambieni mwananchi Go-Pass imeingiza kiasi gani katika kila kiwanja na imefanya nini, tangu 2009. Bandikeni pale pale, ukutani, karibu na gishe. Msafiri anayengoja atakuwa na wakati wa kusoma.

Kwa wasafiri wenzetu nasi tuna neno. Msimtukane binti wa gishe. Mwulizeni jina, mwulizeni saa, andikeni jibu lake na saa mliyolipata. Karatasi hizo zileteni kwetu. Tumeanza kuzikusanya kwenye daftari, siku, saa, swali, jibu, na kama hakuna jibu tunaandika "hakuna mtu". Daftari halina majina ya wafanyakazi wala ya wasafiri, ni la mambo yaliyotokea tu. Kurasa ishirini na moja zimejaa tayari. Kwenye kurasa tisa jibu ni lile lile, neno kwa neno, na mmelikisia.

Barua hii tunaipeleka kwa mkono, nakala tatu, na tutaomba muhuri wa kupokelewa. Tunawapa siku thelathini. Zikipita bila jibu, tutaenda wenyewe kwenye lango la nje, watu wasiozidi wanane, bila kelele, bila kuzuia gari la mtu, na ubao wetu. Fundi seremala wa Nyankunde amekwisha kutukatia mbao na tumeupaka rangi nyeusi. Chaki tumepewa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Tutapiga simu sisi wenyewe, tutauliza kila safari ya siku ile, na tutaandika ubaoni tutakachoambiwa. Tukiambiwa tungoje tu, tutaandika hivyo hivyo, pamoja na saa.

Vijana wa Nyankunde